Saa nane usiku, mtoto ananyonya, na wewe una njaa

Alikuja kliniki na mtoto wa miezi minne, kachoka mpaka sauti. Mtoto akapimwa uzito, grafu inapanda vizuri, kadi ikarudishwa. Mama akabaki amekaa. "Daktari, mimi nina shida ya ulafi," akasema polepole, kama mtu anayetubu. (Mimi si daktari, ni afisa lishe, ila kliniki zetu kila aliyevaa koti jeupe ni daktari. Nimeacha kubisha.) Akaeleza kwamba mtoto akishalala anakaa na pakiti nzima ya biskuti na soda mpaka vinakwisha. Saa nane mtoto akiamka kunyonya, naye anaamka kutafuta mkate. Alitaka nimpe kitu cha kukata hamu.

Badala ya kumjibu, nikamwomba anitajie vyote alivyokula jana yake. Asubuhi, chai ya rangi na maandazi mawili, amesimama, basi la mwendokasi halimngoji mtu. Mchana kazi ilibana, akanywa soda na keki mezani. Jioni saa mbili ugali, mchicha na dagaa kidogo, maana dagaa wengi waliwekwa kwa baba na kwa mkubwa. Hapo kati alikamua maziwa mara mbili chooni kazini. Nikamwambia, dada, huo si ulafi. Hilo ni deni.

Mtoto wa umri huo anakunywa maziwa ya mama kama mililita 750 kwa siku, wengine zaidi. Maziwa hayo peke yake yana kalori zinazokaribia 500, na kuyatengeneza kuna gharama yake. Sehemu mwili unaichota kwenye mafuta uliyojiwekea wakati wa ujauzito, lakini baki, kama kalori 500 kila siku, lazima zitoke kwenye sahani. Usipolipa mchana, mwili unakuja kudai usiku, na unadai kwa haraka: sukari na mafuta. Ongeza usingizi wa vipande vipande. Mtu asiyelala vizuri homoni yake ya njaa hupanda na ile ya shibe hushuka, kwa hiyo hata aliyekula vya kutosha atatamani kitu kitamu. Sasa mama huyu hajala vya kutosha na hajalala. Utamlaumu kwa biskuti?

Kuna jambo nimelitafakari sana tangu nijifungue mwenyewe. Mila zetu za uzazi zilishalijua hili kabla ya mtu yeyote kuhesabu kalori. Mzazi anawekewa chupa ya uji wa pilipili manga pembeni ya kitanda. Uchagani anapikiwa mtori, ndizi zimepondwa na nyama mpaka mtu ale hata kama hana nguvu ya kutafuna. Pwani anapewa supu. Kuna mama au mama mkwe ambaye kazi yake ni kuhakikisha chupa haikauki. Kisha arobaini inaisha, bibi anafunga mzigo anarudi kwake, na chupa inarudi kabatini. Mtoto yeye hajapunguza. Kiasi cha maziwa anachokunywa akiwa na mwezi mmoja kinalingana kwa karibu na anachokunywa akiwa na miezi mitano. Yaani mahitaji yako yapo palepale, aliyeondoka ni mpishi.

Na kwa mwajiriwa mambo yanazidi siku ya 85. Sheria yetu ya kazi ya 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa mapacha, na ukirudi una haki ya kutoka kunyonyesha kwa saa zisizozidi mbili kila siku. Wengi hawazitumii, ama hawazijui, ama nyumbani ni mbali. Matokeo yake mtoto anahamishia ulaji wake usiku. Anakunywa kidogo mchana kwenye kikombe, mama akirudi analipiza mpaka asubuhi. Si jambo baya kwa maziwa, maana prolaktini, homoni inayoyatengeneza, hupanda zaidi usiku. Ila ndiyo maana njaa yako nayo imehamia usiku.

Kwa mtoto wangu wa kwanza nilijifanya sijui haya yote, na nilikuwa na cheti ukutani. Saa nane usiku nilikuwa nasimama mbele ya friji, mtoto begani, nalamba maziwa mazito ya kopo kwa kijiko. Kijiko kimoja, cha pili, cha sita. Mlango wa friji ukaanza kulia. Nilikuwa napika mchana vyakula vizuri tu, lakini usiku vilikuwa ndani ya sufuria, vya baridi, vinahitaji jiko na sahani na mikono miwili. Kopo lilihitaji kijiko.

Hapo ndipo nilipopata kipimo ninachowapa akina mama mpaka leo: chakula cha usiku cha mnyonyeshaji kilike kwa mkono mmoja, gizani, bila jiko. Kisipotimiza hayo, hata kiwe bora namna gani, utakiacha na kuchukua biskuti.

Ukianza kupima hivyo, vingi vinaanguka. Karanga za kuchemsha na maganda yake ni tamu, lakini jaribu kuzimenya na mtoto kwapani. Papai linataka kisu. Bisi zinamwagika kitandani, na ukizitafuna mtoto anaacha titi akutazame. Chipsi mayai nazo huliwa kwa mkono mmoja, sikatai, ila zinataka kibanda kilicho wazi, na mafuta yale yameshakaanga toka mchana.

Vinavyobaki si vigeni. Mayai ya kuchemsha kwanza. Nayachemsha saa tatu usiku nikiosha vyombo, namenya mawili, nayala kabla ya kulala na chumvi na kachumbari kidogo, kama yale ya vijana wanaopita na ndoo. Hayo ni ya saa nne, sio ya kuachwa mezani mpaka alfajiri kwenye joto la Dar es Salaam. Kiazi kitamu cha kuchemsha kilichopoa kinaliwa na ganda lake kama umekiosha vizuri, na kwa kuwa kina nyuzinyuzi kinakaa tumboni kuliko andazi. Ndizi mbivu imekuja na ganda lake, haihitaji maelezo. Tende mbili tatu kwa anayetaka utamu. Korosho ukizipata kwa bei ya watu wa Mtwara, sio bei ya mjini. Karanga za kukaanga zilizokwisha pepetwa, kiganja kimoja.

Njugu mawe nitazisemea zaidi, maana watu wamezisahau. Ziloweke usiku kucha, maji yale mwaga, chemsha kwa maji mapya mpaka zilainike, na hapo uwe na subira, zinaweza kumaliza saa mbili jikoni. Chumvi weka mwishoni. Chuja, zipoe, tia kwenye bakuli lenye mfuniko, friji. Ukitaka, kamulia ndimu. Zina wanga na protini pamoja, zina uzito mdomoni, na mtu akila vikonzi viwili anajua amekula. Wasiozipata wafanye hivyo hivyo na dengu au kunde.

Kisha kuna ile chupa. Nilikwenda kabatini nikaitoa chupa ya uzazi mwenyewe. Siku nyingine naijaza uji wa ulezi na maziwa, moto kabisa, mwepesi kuliko wa kunywa asubuhi kwa sababu ukikaa unakuwa mzito. Siku za joto naisuuza kwa maji ya baridi, natia mtindi usio na sukari uliotoka friji. Watu husahau kwamba chupa ya chai inatunza na ubaridi. Kikombe cha mtindi kinakupa kalsiamu kama robo au zaidi ya unayohitaji kwa siku, na kinapita kooni hata ukiwa umesinzia. Maziwa ya ng'ombe ya kununua mtaani yachemshwe kwanza, hilo halina mjadala.

Nilimwandikia yule mama hesabu nyuma ya karatasi. Mayai mawili, kiazi kitamu cha wastani, kikombe cha mtindi na karanga nusu kiganja: kalori kama 500, na protini gramu 25 hivi. Kisha biskuti za gramu 100 na soda ya mililita 350: kalori kama 600, protini gramu 7 hivi, na kwenye soda peke yake sukari inayofika vijiko 9 vya chai. Kalori zinakaribiana. Lakini mlo wa kwanza unakulaza, wa pili unakuamsha baada ya saa mbili ukiwa na njaa nyingine. Akaitazama karatasi, akacheka: "Kumbe nakula, sishibi."

Karanga zina tahadhari moja, nayo ni sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu au uchungu, tupa, usimpe hata kuku. Kukaanga hakuimalizi sumu hiyo, na sehemu yake hupita kwenye maziwa ya mama. Wanaokumbuka 2016 Dodoma na Manyara wanajua si hadithi za kutishana. Watu walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Nunua kavu, chagua kwenye ungo mchana kweupe, ndipo uweke kwenye kopo la vitafunwa vya usiku. Gizani hutaziona mbovu.

Mama mkwe wangu alinikataza maharage na kunde. "Utamjaza mtoto gesi, mwanangu." Nilimjibu "ndiyo mama", kisha nikazila akienda sokoni. Gesi yako inatengenezwa kwenye utumbo wako na inaishia humo, haina njia ya kuingia kwenye maziwa. Nyuzinyuzi nazo hazipiti. Mtoto anayelia jioni mara nyingi analia kwa sababu ni jioni na ana wiki sita. Wapo wachache wanaosumbuliwa na protini ya maziwa ya ng'ombe anayokunywa mama, na dalili zake ni kama damu kwenye choo au ukurutu usioisha. Huyo aletwe kliniki, usijikatie vyakula mwenyewe.

Kuhusu chai: inywe, lakini isiwe pamoja na mlo wala vidonge vya madini chuma, kwa kuwa majani ya chai huzuia madini hayo kufyonzwa. Iachie nafasi ya saa moja. Kafeini kwa mnyonyeshaji isizidi miligramu 200 kwa siku, ambayo ni kama vikombe vinne vya chai au viwili vya kahawa. Mtoto mchanga huchukua siku kadhaa kuondoa mwilini hata nusu ya kafeini iliyomfikia, kwa hiyo kahawa ya saa mbili usiku inaweza kukesha na nyinyi wote wawili. Maji weka karibu. Ile kiu inayokukamata maziwa yanapoanza kushuka ni ya homoni, ni ya kawaida. Kunywa ukisikia kiu. Kujilazimisha lita na lita hakuongezi maziwa.

Wanaoniuliza habari za kitambi, na kila kliniki wapo: subirini kwanza wiki sita hivi zipite, kisha kupungua nusu kilo kwa wiki hakudhuru maziwa. Kupungua huko hakuletwi na kulala njaa. Wengi niliowaona wakipungua bila kuteseka walianza kwa kula mchana. Yule mama wa mtoto wa miezi minne hakuhitaji nidhamu ya usiku, alihitaji chakula cha saa saba mchana. Tulikubaliana abebe hotipoti, hata wali na maharage ya jana, na yai moja la saa kumi kabla ya kupanda basi. Biskuti sikumkataza. Nilimwambia azile baada ya mayai.

Waliopata kisukari cha ujauzito wao wasipuuze: pimeni sukari tena wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, hata kama mnajisikia wazima. Anayejikuta anakula kwa sababu analia, au analia hata akila, na imepita wiki mbili, hilo si suala la vitafunwa. Mwambie nesi wa kliniki hivyo hivyo bila kupamba.

Na anayekula udongo kimya kimya, tunajua unauzwa sokoni na tunajua ni mtamu kwako. Njoo upimwe damu. Mara nyingi nyuma ya hamu hiyo kuna upungufu wa damu.

Yule mama alirudi mwezi uliofuata. Anasema kopo lake la vitafunwa linakaa juu ya kabati la kitanda, na kwa wiki mbili lilifanya kazi vizuri. Wiki ya tatu akaanza kulikuta tupu saa nane usiku. Akadhani amerudia ulafi, anakula akiwa usingizini. Akamvizia mwizi. Alikuwa baba mtoto, akirudi zamu ya usiku, anapitia korosho kwanza ndipo anavua viatu. Sasa wana makopo mawili, na la baba ndilo lenye karanga.