Je, Wajua kwa Nini Keki ya Mwezi Hutiwa Kiini cha Yai la Bata?

Kila mwaka, usiku wa tarehe 15 ya mwezi wa 8 kwa kalenda ya jadi ya Kichina, jamaa huketi pamoja kuutazama mwezi na kula keki ndogo, nzito, ambayo ikikatwa huonyesha kiini cha yai la bata kilichokolezwa chumvi katikati ya mbegu tamu za yungiyungi zilizopondwa. Anayeionja kwa mara ya kwanza hushangaa: chumvi imefuata nini ndani ya kitu kitamu hivyo?

Imefuata mwezi. Miezi ya kalenda hiyo huanza siku ambayo mwezi hauonekani angani, hivyo tarehe 15 huwa ni siku za mwezi mpevu. Tofauti na kalenda ya Hijria, baadhi ya miaka huongezewa mwezi wa 13 ili kalenda isiachane na majira, na ndiyo sababu sikukuu hii haitoki katika msimu wa mavuno: mwaka 2024 ilikuwa tarehe 17 Septemba, na mwaka 2025 tarehe 6 Oktoba. Isitoshe, kwa Kichina kukutana tena kwa jamaa huitwa tuanyuan, na yuan maana yake ni mviringo. Kwa hiyo keki ya mviringo yenye kiini cha mviringo ni dua ya kuiombea familia itimie kama mwezi ulivyotimia.

Kiini chenyewe hutayarishwa kwa subira. Mayai mabichi hulowekwa katika maji ya chumvi kwa takriban mwezi mmoja. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye kiini, nacho kikawa kigumu, chenye rangi ya chungwa iliyokolea na mafuta yanayong'aa, ilhali ute hubaki majimaji na wenye chumvi kali, usifae kwa keki. Hata baada ya kuokwa, keki za mtindo wa Guangdong, jimbo la kusini mwa China, haziliwi papo hapo: huachwa siku mbili tatu hadi mafuta ya ndani yapenye kwenye ganda na kulilainisha. Kwangu mimi, ukali wa chumvi ndio unaoufanya utamu ule uvumilike.

Taa za sikukuu hii nazo zimo katika habari hiyo hiyo ya mwezi. Watoto hubeba fanusi za karatasi zenye umbo la sungura, kwa kuwa Wachina huona sungura katika madoa ya mwezi, akiishi huko na Chang'e, mwanamke wa hekaya aliyekunywa dawa ya uzima wa milele akapaa. Kusini mwa China hata ganda la balungi hutobolewa likatiwa mshumaa.

Kwa desturi ya zamani, kabla ya kukata keki watu wa nyumbani walihesabiwa kwanza, na aliye safarini naye akakatiwa kipande chake.