Kamera zinaonekana ukiwa nyumbani, ukifika dukani zinagoma

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alinipigia jioni: "Fundi, nikiwa nyumbani kwa bando naziona kamera zote. Nikifika dukani nikaingia WiFi, simu inazunguka tu." Nilidhani amekosea nenosiri. Kumbe kosa lilikuwa langu, kwenye sheria ya NAT (inayobadilisha anwani za data inayopita kwenye ruta) niliyoiandika mwenyewe wiki moja kabla.

Mtandao wenyewe ulikuwa wa kawaida: ruta ya MikroTik, anwani za ndani 192.168.88.0/24, DVR (mashine inayorekodi picha za kamera) kwenye 192.168.88.50, na anwani moja ya umma, ambayo hapa nitaiita 203.0.113.10. Sheria yangu ilisema: kinachoingia kutoka upande wa intaneti kwenye poti 8000 (namba ya huduma ya kamera) kipelekwe kwa DVR. Kilichoniponza ni hayo maneno "kutoka upande wa intaneti". Simu iliyo kwenye WiFi ya duka haipiti mlango huo, inatokea ndani. Niliitazama hesabu ya pakiti (vipande vya data) pembeni mwa sheria huku yeye akijaribu, namba haikusogea.

Nikaifunga sheria kwenye anwani badala ya mlango:

chain=dstnat dst-address=203.0.113.10 protocol=tcp dst-port=8000 action=dst-nat to-addresses=192.168.88.50

Namba ikaanza kupanda. Kamera bado. Hapa ndipo fundi mwenye hasira huzima fayawoli nzima, na haisaidii kitu.

Ifuate pakiti yenyewe. Simu, tuseme 192.168.88.20, inaiandikia 203.0.113.10. Ruta inabadilisha anwani ya mpokeaji iwe 192.168.88.50, ya mtumaji haiigusi. DVR inaona aliyeomba ni jirani wa mtandao uleule, inamjibu moja kwa moja kwenye swichi. Ruta hailioni jibu hilo, kwa hiyo haipati nafasi ya kurudisha anwani ya mwanzo. Simu inangoja jibu la 203.0.113.10, inaletewa jibu la 192.168.88.50 ambayo haikuiandikia. Inalitupa.

Basi DVR ilazimishwe kujibu kupitia ruta, kwa kubadilisha na anwani ya mtumaji:

chain=srcnat src-address=192.168.88.0/24 dst-address=192.168.88.50 protocol=tcp dst-port=8000 action=masquerade

Kamera zikafunguka hapohapo. Tangu siku ile, kabla sijabonyeza kitufe cha kuhifadhi sheria yoyote ya NAT, najiuliza jibu litarudi kwa njia gani.

Kama sheria zako ni sahihi na hata ukiwa nje hupati kitu, angalia anwani ambayo ruta imepewa na mtoa huduma. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, uko nyuma ya NAT nyingine iliyo kwake, na hakuna sheria utakayoandika dukani itakayoifungua. Na ukiandika sheria za kuchuja za fayawoli, kumbuka kwamba dstnat (kubadilisha anwani ya mpokeaji) hufanyika kabla ya kuchuja: hapo taja 192.168.88.50, siyo anwani ya umma.

Binafsi sipendi kuacha poti ya kamera wazi kwa dunia nzima. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilivamia kamera na DVR nyingi kwa kujaribu tu manenosiri ya kiwandani. WireGuard (VPN, njia ya siri ya kuingia mtandao wa duka) ingekuwa bora, lakini mzee hakutaka programu ya pili kwenye simu, nikaishia kubadilisha nenosiri.

Siku tatu baadaye akapiga tena. Ameangalia kumbukumbu za DVR, kuna mtu anaitwa 192.168.88.1 anaingia kwenye kamera zake kutwa nzima. Alikuwa yeye mwenyewe. Masquerade inamvisha kila aliye ndani sura ya ruta, yaani 192.168.88.1. Kwa kuwa programu yake ilitumia jina badala ya namba, niliandika kwenye DNS ya ruta (inayogeuza majina kuwa anwani) kwamba jina lile ni 192.168.88.50, nikaizima ile sheria ya pili. Sikuifuta, maana simu ya kijana wake ina DNS yake yenyewe, na akitaka kuziona kamera kwa WiFi ya duka itabidi niiwashe tena.