Hukuandikishana na mpangaji? Mkataba upo

Wenye nyumba wanaokuja kwangu huanza hivi: "Wakili, hatukuandikiana kitu, kwa hiyo naweza kumtoa leo." Nami huuliza: alikulipa kodi, ukapokea? Basi mkataba upo. Katika nchi nyingi upangaji wa muda mfupi hauhitaji karatasi. Ukimkabidhi ufunguo na kupokea kodi kila mwezi, umeshaanzisha upangaji wa mwezi hadi mwezi, na kuuvunja kunataka notisi.

Ulichokosa ni masharti yako. Nani atengeneze bomba likipasuka? Kodi itapandishwa vipi? Je, anaweza kumpangisha mtu mwingine? Mliponyamaza ninyi, sheria hujazia, na sehemu kubwa ya sheria za upangaji inamlinda yule anayeweza kulala nje. Aliyepangisha kienyeji ili awe huru ndiye hujikuta amefungwa mikono.

Kinachowaponza wengi ni kufuli. Kubadilisha kitasa, kukata umeme, kumtolea mtu vyombo nje bila amri ya mahakama ni kosa mahali pengi, hata kama anadaiwa kodi ya miezi mitatu. Nimeona mdai akigeuka mdaiwa kwa sababu ya kufuli moja tu. Amana, ile pesa ya dhamana anayotanguliza mpangaji, nayo ina mitego yake: nchini England, mwenye nyumba ana siku 30 za kuiweka kwenye mpango wa kulinda amana ulioidhinishwa na serikali. Asipofanya hivyo, mahakama inaweza kumwamuru amlipe mpangaji hadi mara 3 ya amana hiyo.

Halafu bima. Uliikatia nyumba ukisema unaishi mwenyewe. Ikiungua akiwa ndani mpangaji ambaye kampuni haikuambiwa, fidia inaweza kukataliwa. Kama nyumba iko kwenye rehani, soma mkataba wa mkopo, maana mara nyingi benki hutaka iombwe ruhusa kwanza. Na serikali inataka kodi ya kodi yako (Kiswahili chetu kimeyaita yote mawili jina moja, sijui kwa utani).

Kama umeshampangisha mtu, usikurupuke kumtoa. Kaeni muandike kiasi cha kodi, amana, muda wa notisi na matengenezo. Pigeni picha kila chumba, msome mita pamoja. Msirudishe tarehe nyuma: wekeni ya siku mnayosaini, kisha mtaje ndani ya mkataba siku aliyoingia.