Uongo Unaosemwa kwa Ajili ya Mungu

Tukiulizwa juu ya nafasi ya kweli katika maisha ya kiroho, Wakristo wengi hufikiria kwanza mafundisho sahihi, yaani kuishika imani ya mitume na kuukataa uzushi, kisha uaminifu wa kila siku: kutopunja katika biashara, kutoghushi hesabu, kutomshuhudia jirani uongo (amri ambayo Walutheri na Wakatoliki huihesabu kuwa ya nane na wengine ya tisa). Yote hayo ni ya lazima. Hata hivyo, kwa muda ambao nimefundisha maadili ya Kikristo katika chuo cha Biblia na kuwasikiliza watu wakiomba na kushuhudia, nimesadiki kwamba uongo unaoidhoofisha roho ya Mkristo kuliko mwingine wote ni ule anaousema kwa nia njema, mbele ya kusanyiko, kwa ajili ya Mungu mwenyewe.

Nakusudia ushuhuda uliotiwa chumvi. Mtu aliyepata nafuu husema amepona kabisa, kwa kuwa nafuu haiamshi vigelegele. Aliyekuwa akinywa pombe mwisho wa juma hujisimulia kama mlevi wa kupindukia, ili wokovu wake uonekane mkubwa zaidi. Anayeumwa bado huambiwa akiri kwa imani kwamba ni mzima, na akisita huhesabiwa kuwa na shaka. Hakuna kati yao anayejiona kuwa mwongo. Wanataka Bwana asifiwe, na kusanyiko nalo linataka kusikia jambo la kumsifia.

Swali hili kanisa lilikwisha kulijadili zamani. Mnamo mwaka 395 hivi Augustino, mmoja wa walimu wakuu wa kanisa la kale, huko Hippo, mji uliokuwa katika Algeria ya leo, aliandika kitabu kizima juu ya uongo na kuupanga katika aina nane. Aina aliyoitanguliza, na aliyoiona mbaya kuliko zote, ni uongo unaosemwa katika kufundisha dini. Yapata miaka 25 baadaye alilirudia jambo hilo, safari hii akimjibu mtu aitwaye Consentius, aliyetaka kujua kama waamini waruhusiwe kujifanya wafuasi wa Priscillian, mwalimu wa Hispania ambaye mafundisho yake yalihukumiwa na kanisa, ili kuwafichua wazushi hao waliojificha ndani ya kanisa. Augustino alikataa. Kosa mojawapo la wazushi wale, alisema, ni kufundisha kwamba inaruhusiwa kudanganya ili kuificha imani; basi anayewawinda kwa uongo amekwisha kulikubali fundisho lao hata kabla hajamkamata mmoja wao. Akaongeza kwamba kama ingefaa kuficha imani kwa maneno ya uongo, mashahidi waliouawa kwa kukataa kufanya hivyo walikufa bure.

Hoja yake nyingine imo katika barua alizoandikiana na Jerome, mfasiri wa Biblia kwa Kilatini, kuhusu sura ya pili ya Wagalatia, ambapo Paulo anamkemea Petro hadharani. Jerome alishikilia kwamba mitume wale wawili waliigiza ugomvi kwa faida ya wasikilizaji wao. Augustino alishtuka, kwa sababu mtume akikubaliwa kuwa alisema uongo wenye manufaa mahali pamoja, hakuna mahali pengine tutakapoweza kumtegemea. Hapo ndipo ushuhuda wa kutia chumvi unapoharibu kile unachodai kukijenga: nikijua kwamba shahidi yuko tayari kuongeza maneno kwa faida yangu, sina tena msingi wa kumwamini anaponiambia kwamba Kristo amefufuka. Paulo aliliona hilo. Katika 1 Wakorintho 15 anasema kwamba ikiwa wafu hawafufuliwi, basi yeye na wenzake wameonekana kuwa mashahidi wa uongo wa Mungu. Hakujitetea kwamba uongo huo ungekuwa wa kumtukuza Mungu. Aliuhesabu kuwa hatia.

Lakini madhara yaliyo mazito zaidi humpata msemaji mwenyewe. Anania na Safira, katika Matendo 5, hawakuhukumiwa kwa kubakiza fedha. Petro anasema wazi kwamba kiwanja kilikuwa mali yao, na hata kilipouzwa thamani yake ilikuwa katika uwezo wao. Walitaka kuonekana kuwa wametoa vyote huku wametoa sehemu, nao walisema uongo ule mahali pa ibada na katika tendo la sadaka. Kinyume chake ni yule mwanamke Msamaria wa Yohana 4. Tunapenda kuhubiri maneno ya Yesu kuhusu kuabudu katika roho na kweli kana kwamba yalitamkwa peke yake, na kusahau kwamba muda mfupi kabla yake mwanamke alikuwa amesema hana mume, naye Yesu akamjibu kwamba amesema kweli, kisha akamtajia wale watano na huyu wa sasa. Mazungumzo juu ya ibada yanafuata baada ya hali ya nyumbani kwake kuwekwa wazi. Naisoma sura hiyo hivi: neema humfikia mtu alipo, na mtu anayemletea Mungu picha ya mtu mwingine, aliye mtakatifu au mzima kuliko yeye, anaomba kwa niaba ya mtu asiyekuwepo.

Ndiyo maana naona fundisho la kukiri uzima ambao haupo limekosea hata katika maana ya imani. Ibrahimu, kwa mujibu wa Warumi 4, aliufikiri mwili wake uliokuwa kama umekwisha kufa, akiwa na umri wa kama miaka mia, wala hakuwa dhaifu wa imani; aliitazama hali yake na ahadi ya Mungu kwa pamoja. Paulo, ambaye kwa mikono yake wengi waliponywa, alimwacha Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa na akaliandika jambo hilo bila kuomba radhi. Alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na kuhusu mwiba wake mwenyewe, yaani taabu iliyomsumbua mwilini, alieleza kwamba aliomba mara tatu na haukuondolewa. Zaburi ya 88 inamalizika gizani, na Israeli waliiimba hivyo hivyo. Sijui ni makusanyiko mangapi leo yangempa kipaza sauti mtu mwenye ushuhuda wa namna hiyo.

Sisi wa Afrika Mashariki tunayo historia yetu katika jambo hili. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi wa Buganda na daktari mmisionari Joe Church, aliyekuwa akihudumu Gahini nchini Rwanda, walikutana Namirembe, Kampala, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 uamsho ulienea kutoka Gahini hadi Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, na neno lililowaongoza ndugu wale lilikuwa 1 Yohana 1:7, kuenenda nuruni. Walikutana katika vikundi vidogo, wakaziungama dhambi kwa majina yake, wakarudisha vitu walivyoiba, na wamisionari Wazungu nao wakaungama mbele ya Waafrika kiburi na dharau walizokuwa nazo kwao. Wokovu wa miaka iliyopita haukumtosha mtu kusimama na kushuhudia. Aliulizwa Bwana anamtendea nini sasa. Sisemi kwamba uamsho huo haukuwa na kasoro. Maungamo nayo yanaweza kugeuka kuwa maonyesho, na wako waliotangaza hadharani mambo yaliyowahusu wenzi wao zaidi ya yalivyowahusu wenyewe. Kusema kweli hakumlazimu mtu kumwambia kila mtu kila kitu. Mengine ni ya mchungaji peke yake, na mengine ni ya Mungu na yule aliyekosewa.

Kuna swali gumu ambalo wanafunzi hawaachi kuliuliza, la wakunga wa Misri, waliomdanganya Farao ili kuwaokoa watoto wa Waebrania, na Rahabu, aliyedanganya ili kuwaficha wapelelezi wa Israeli. Augustino alijibu kwamba Mungu aliwalipa kwa rehema yao, wala si kwa uongo wao. Mimi simfuati hadi mwisho, kwa sababu muuaji anayebisha hodi, kama walivyofanya wauaji wa Rwanda mwaka 1994, hatafuti kweli bali mtu wa kumchinja. Hata hivyo, mfano huo hausaidii kutetea chumvi ya madhabahuni, kwa kuwa hakuna roho ya mtu inayookolewa na uponyaji ambao haukutokea.

Wanafunzi wangu huniuliza pia kama watu watarudi nyuma wakisikia ushuhuda mdogo na wa kweli. Nawarudisha Sikari, mji wa yule mwanamke Msamaria. Mwanamke yule aliwaambia watu wa mji waje wamtazame mtu aliyemwambia mambo yote aliyoyatenda, ushuhuda usiompa sifa yoyote na unaoishia kwa swali la kama huyu aweza kuwa ndiye Kristo. Wengi walimwamini Yesu kwa neno hilo, wakamsihi akae kwao, naye akakaa siku mbili. Na baada ya hapo walimwambia mwanamke kwamba sasa hawaamini tena kwa sababu ya maneno yake, kwa maana wamesikia wenyewe.