Kwa Nini Mbelgiji Haimalizi Bia ya Watawa Chupani?

Mtazame anavyomimina Westmalle Dubbel, bia nyeusi ya watawa. Glasi ni pana, ina mguu kama kikombe cha misa, naye ameiinamisha. Anamimina polepole, kwa mkupuo mmoja, maana chupa ikiinuliwa na kuinamishwa tena, kilicho chini kitatibuka. Ikibaki kama kidole kimoja, anaacha. Hajashiba. Chini kuna mashapo ya hamira.

Hamira hiyo imewekwa kwa makusudi. Katika abasia (makao ya watawa) ya Westmalle, mkoani Antwerp, bia ikishachachuka kwenye matangi huongezewa sukari kidogo na hamira wakati wa kutiwa chupani, kisha hukaa wiki kadhaa kwenye chumba chenye joto. Hamira inakula sukari na kutoa hewa ya kaboni. Kizibo kimebana, hewa haina pa kutokea, basi inayeyuka humo humo kwenye bia. Povu zito unaloliona juu ya glasi limetoka huko. Kazi ikiisha, hamira inatua chini.

Ukitaka kujua inabadilisha nini, jaribu nyumbani. Simamisha chupa wima tangu jana yake, wala usiipoze kama soda. Baridi kali inaficha harufu. Mimina, achia kile kidole, unywe nusu glasi. Kwenye Dubbel, yenye kilevi cha asilimia 7, utasikia zabibu kavu na sukari iliyoungua. Sasa tikisa yale mashapo uyamwagie kwenye nusu iliyobaki. Bia inakuwa na ukungu, na ladha ya unga wa mkate inapanda juu ya ile ya zabibu. Wapo wanaoipenda. Mimi naona inaifunika bia nzuri bure, ndiyo maana mashapo nayanywa peke yake kwenye kikombe kidogo.

Orval, bia ya abasia nyingine ya Ubelgiji, nayo ina kituko chake. Huko huitiwa pia hamira ya porini, Brettanomyces, isiyo na haraka: inaendelea kula kidogo kidogo kwa miezi, hata sukari ambazo hamira ya kawaida imeshindwa nazo. Chupa changa ina uchungu mkali na harufu ya maua. Ya mwaka mmoja imekauka mdomoni na inanukia ngozi na zizi la farasi. Tarehe ya kutiwa chupani imeandikwa kwenye lebo, kwa hiyo nunua mbili zenye tarehe tofauti, uzifungue jioni moja.