Kuhesabu Chembe kwa Mizani: Moli katika Kemia ya Sekondari ya Juu

Kwa miaka yote niliyofundisha kemia katika madarasa ya mwisho ya sekondari, nimewaona wanafunzi wenye bidii wakikwama mahali pamoja. Muundo wa atomu huwaingia, na jedwali la elementi hulizoea upesi. Kinachowashinda ni moli. Kwa kuwa moli imo ndani ya karibu kila mada inayofuata, kuanzia nishati ya mimenyuko hadi msawazo wa kemikali na elektrolisisi, anayeivuka bila kuielewa huendelea kuikuta mbele yake mpaka siku ya mtihani.

Chanzo ninachokiona ni kwamba wengi hufundishwa kanuni kabla ya kuambiwa wanahesabu nini. Moli ni idadi, kama vile dazeni ilivyo idadi. Dazeni ni vitu 12. Moli ni chembe 6.02214076 × 10²³, na tangu Mei 2019 mfumo wa kimataifa wa vipimo unaitambua idadi hiyo kuwa kamili, isiyotegemea tena uzito wa kaboni. Hakuna awezaye kuzihesabu chembe hizo moja moja, kwa hiyo mkemia huzihesabu kwa mizani, kama karani anavyopima mfuko wa sarafu za aina moja akajua zimo ngapi bila kuzimwaga mezani. Gramu 24 hivi za magnesi zina atomu nyingi sawasawa na zilizomo katika gramu 16 za oksijeni. Ndiyo maana zikiungana zote hazibakizi kitu, na tunapata takriban gramu 40 za oksidi ya magnesi.

Uelewa huu hupimwa vizuri zaidi maabarani, katika titresheni, yaani kudondosha mmumunyo unaojulikana ndani ya usiojulikana mpaka mmenyuko ukamilike. Tuseme mwanafunzi amechukua kwa pipeti, mrija wa kupimia ujazo kamili, sentimita za ujazo 25.0 za haidroksidi ya sodiamu asiyoujua ukolezi wake, akazitia katika chupa ya koni pamoja na matone mawili ya methili oranji, rangi ya kuonyesha mmenyuko umekamilika. Kutoka kwenye bureti, mrija mrefu wenye alama za ujazo na koki, anadondosha asidi ya salfuriki yenye moli 0.100 kwa lita, na rangi ya njano inageuka kuwa ya chungwa baada ya sentimita za ujazo 20.0. Aliyekariri kanuni huzidisha, hugawanya, kisha huandika moli 0.080 kwa lita. Jibu sahihi ni 0.160. Asidi iliyoshuka ni moli 0.00200, lakini kila molekuli yake hutoa ioni mbili za hidrojeni, hivyo imekutana na moli 0.00400 za haidroksidi. Idadi hiyo katika lita 0.0250 ndiyo inayotupa 0.160. Mlinganyo wa mmenyuko ulikuwa umeandikwa ubaoni muda wote, na namba 2 iliyotangulia haidroksidi ilikuwa ikimwambia jambo hilohilo.

Kabla hawajashika bureti, huwauliza swali moja: kwa nini pipeti tunaisuuza kwa mmumunyo wenyewe utakaopimwa, ilhali chupa ya koni tunaisuuza kwa maji yaliyokenekwa peke yake? Wengi hujibu kwamba ndivyo mwongozo unavyoagiza. Naamini swali hili linastahili kipindi kizima, hata kama muhtasari wa masomo unatuharakisha. Maji yaliyobaki ndani ya pipeti huupunguza ukolezi wa mmumunyo kabla haujapimwa, na chembe zinazoingia kwenye chupa huwa pungufu. Maji yaliyobaki ndani ya chupa huongeza ujazo tu. Chembe za haidroksidi zilizokwisha kuingia hubaki zilezile.

Msichana mmoja hakuridhika na maelezo yangu. Alirudia titresheni yake kwa uangalifu mkubwa: akaondoa kiputo cha hewa kwenye ncha ya bureti, akainama mpaka jicho likawa sawa na uso wa asidi, kisha kwa makusudi akamimina maji yaliyokenekwa kwenye chupa ya koni mpaka kimiminika kikakaribia kuwa maradufu. Alifungua koki polepole, na mwishoni akawa anashusha tone moja moja huku akiizungusha chupa. Rangi ilipogeuka, aliniita mezani kwake nisome mwenyewe. Bureti ilionyesha sentimita za ujazo 20.0, kama mara ya kwanza.