Uangavu wa bandia: rangi nzito inapoonekana kama kioo

Chukua karatasi tatu nzito zisizopitisha mwanga hata kidogo: ya bluu, ya manjano na ya kijani. Kata mraba wa bluu na wa manjano, uipange pembe ya mmoja ikiwa juu ya pembe ya mwenzake. Pale inapopandana, bandika kipande cha kijani kinachoenea barabara. Papo hapo mraba mmoja utaonekana kama utando wa plastiki, na mwingine unachungulia nyuma yake. Hakuna kilicho nyuma. Huo ndio uangavu wa bandia.

Jicho hupokea mwanga tu. Ubongo ndio huamua mwanga huo umetoka kwenye nini. Ungeweza kusoma vipande vitatu vilivyopakana, lakini kingo zinapoendelea moja kwa moja na kukatana kama herufi X, na rangi ya katikati inapofanana na mchanganyiko wa zile mbili, husoma tabaka mbili. Kisogeze kile cha kijani pembeni kidogo na utando unatoweka, ilhali hakuna rangi iliyobadilika. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzuri wote wa jambo hili: rangi peke yake haitoshi, lazima umbo likubaliane nayo.

Josef Albers, mchoraji mzaliwa wa Ujerumani aliyefundisha Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, aliwafunza wanafunzi wake haya kwa karatasi za rangi. Kijani kikielemea bluu, bluu huonekana iko juu. Kikielemea manjano, manjano ndiyo hupanda. Kikiwa katikati kabisa, jicho hubaki likiyumba.

Mwanasaikolojia wa Italia, Fabio Metelli, aliliwekea jambo hili hesabu. Tuseme sehemu nyeupe ya usuli, yaani eneo lililo nyuma, inarudisha asilimia 80 ya mwanga na nyeusi 20: tofauti ni 60. Chini ya utando unaoonekana, ziwe 60 na 30: tofauti imeshuka hadi 30. Gawanya 30 kwa 60, upate nusu. Utando unaonekana kupitisha nusu ya kilicho nyuma. Tofauti ikizidi kupungua, utando unazidi kuwa mzito, mithili ya ukungu. Lakini ukigeuza mpangilio, upande uliokuwa mweupe ukawa mweusi kuliko mwenzake, hutaona utando tena. Utaona viraka tu.